Kutu ya Baharini, Hewa ya Ziwani



Mada yangu leo ni kutu. Sisemi kutu ya bati la nyumba wala ya fremu ya baiskeli, maana hiyo ikizidi unabadilisha bati na mambo yanaendelea. Nasema kutu iliyojificha ndani ya mtungi wa hewa, mtungi ambao kijana wetu anaufunga mgongoni, anauma kipande cha mpira kwa meno, kisha anashuka chini ya maji mita ishirini, thelathini, arobaini. Kule chini hakuna dirisha la kufungua. Hewa aliyonayo ni ile tu iliyomo mgongoni.

Kazi ya kuzamia si ngeni kwenye pwani hii ya Ziwa Tanganyika, hapa Burundi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mbelgiji Pierre Brichard aliweka makao yake Bujumbura, akawa anavua samaki wa mapambo na kuwasafirisha wakiwa hai kwenda Ulaya na Marekani. Mwaka 1978 kikatoka kitabu chake juu ya samaki wa Ziwa Tanganyika, na wafugaji wa samaki wa vioo duniani kote wakaanza kulitafuta ziwa letu kwenye ramani. Ziwa hili lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, na karibu wote hawapatikani kwingine popote. Mmoja wao alipewa jina la Brichard na mtaalamu Max Poll mwaka 1974; huko Ulaya wanamwita Binti Mfalme wa Burundi. Hawa si ndagala wala mukeke wa kuvuliwa kwa taa na wavu usiku. Ni samaki wa mawe. Wanakaa katika mianya ya miamba, na anayewataka wakiwa wazima hana budi kuwafuata.

Yuko mmoja, frontosa, mwenye mistari myeusi na nundu kichwani, anayependa kina. Akipandishwa ghafla, hewa iliyomo kwenye kibofu chake inatanuka, tumbo linavimba, anakufa kabla hajafika kwenye boti. Kwa hiyo wazamiaji humpandisha kwa vituo. Wanamtia kwenye kapu la wavu, wanalifunga kwenye kamba, wanalivuta mita chache, wanamwacha atulie, baadaye wanalivuta tena. Ni kazi ya subira na naiheshimu sana. Ila kinachoniuma ni hiki: mtu huyo huyo anayempandisha samaki kwa uangalifu wote huo anaweza kuwa anapumua kupitia regulata asiyojua ilifunguliwa lini mara ya mwisho, na mtungi asiojua ulipimwa mwaka gani. Samaki ana bei, ndiyo maana anatunzwa. Mzamiaji je?

Vyombo vipya ni ghali, na anayeanza kazi hununua mitumba: iliyochoka Ulaya, au iliyotumika miaka mingi kwenye vituo vya watalii huko pwani ya Bahari ya Hindi. Sina ugomvi na mitumba. Mtungi mzuri wa chuma ukitunzwa unaweza kumhudumia baba na mwanawe. Ugomvi wangu ni imani moja iliyoenea hapa kwetu, kwamba ziwa ni maji baridi, na maji baridi hayali vyombo. Kijana mmoja alimwambia fundi nikiwa nimesimama pale pale: "Mzee, ziwa letu halina chumvi, kutu itatoka wapi?" Yule mzee akamjibu bila kuinua macho kwenye kazi yake: "Mwanangu, kutu hii hukuipata ziwani. Umeinunua pamoja na mtungi."

Alisema kweli. Chombo kilichozama baharini miaka mitano kinakuja na bahari yake. Chumvi imekauka kwenye uzi wa skrubu, nyuma ya springi, chini ya pete za mpira, chini ya ile buti ya plastiki inayovalishwa kitako cha mtungi. Ikikauka hailali, inavuta unyevu wa hewa, na hewa ya pwani yetu ina unyevu mwingi. Kila usiku inalowa kidogo, inakula kidogo. Ukikichovya chombo hicho ziwani unaosha nje tu, chumvi ya ndani unaiamsha.

Na ziwa lenyewe si la kudharau. Sehemu kubwa ya maji yanayoingia Tanganyika hayatoki kwa mto. Yanapanda angani kwa mvuke, madini yanabaki. Ndiyo maana maji yetu yana hali ya magadi, na kipimo chake cha pH kinafika karibu na 9. Uache mtungi ukauke juani bila kuusuuza kwa maji safi, utaona ukungu mweupe. Ukirudia miezi kadhaa, ukungu unakuwa gamba, lile lile linaloganda chini ya birika la chai. Gamba hilo likikaa kwenye kitufe cha kusukuma hewa, kitufe kinanata. Likikaa juu ya alumini iliyochubuka rangi, linashika unyevu pale pale pasipotakiwa.

Sasa tukifungue chombo. Nina sehemu moja ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu haijui kusema uongo. Kichwa cha regulata, kile kinachofungwa kwenye vali ya mtungi na kuipunguza presha ya bari 200 ibaki bari tisa au kumi juu ya presha ya maji yaliyokuzunguka, kina chujio mdomoni. Ni kipande kidogo cha chembechembe za shaba zilizoshikamanishwa, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Hewa yote ya mzamiaji hupita hapo. Kabla hujauliza bei, omba kuliona chujio hilo kwa tochi. Likiwa la kijani, maji yameingia kichwani, na pengine ni maji ya chumvi. Ndani utakuta shaba inaliwa. Likiwa na rangi ya kahawia au nyekundu ya udongo, kutu ilitoka ndani ya mtungi wa chuma na ikasafiri na hewa. Likiwa jeusi, kompresa iliyojaza ilikuwa inapitisha vumbi la mkaa wa chujio lake, au mafuta. Likiwa na unga mweupe au wa kijivu, kuna mtungi wa alumini unaooza mahali fulani. Muuzaji anaweza kupiga msasa, anaweza kupaka rangi, anaweza kukupa historia ndefu. Chujio limeshakwambia chombo kilikotoka.

Na ukiliona chafu, usiishie kulibadilisha chujio peke yake. Mtafute aliyelichafua.

Kusafisha kwenyewe si uganga. Kichwa cha regulata na kile kipande cha mdomoni hufunguliwa na fundi aliyejifunza, mwenye funguo zake na mchoro wa aina ile ya chombo. Anatoa springi, pistoni au kiwambo, na pete zote za mpira. Vipande vya shaba ya manjano vilivyopakwa kromu huwekwa kwenye siki nyeupe iliyochanganywa na maji ya uvuguvugu, nusu kwa nusu. Utaona viputo vinapanda. Hapo ule ukijani na lile gamba vinaachia. Dakika kumi na tano, ishirini zinatosha. Usikiache kipande usiku kucha ukadhani unakifanyia wema, kwa sababu siki ikimaliza uchafu inageukia shaba, hasa pale kromu iliponyanyuka. Mswaki laini unapita kwenye nyuzi na matundu. Brashi ya waya haitakiwi, wala sufi ya chuma, kwa sababu inakwaruza pale pete ya mpira inapokalia na kuacha vijiuzi vya chuma ambavyo kesho vitashika kutu vyenyewe.

Kisha suuza. Suuza tena. Kwa suuzo la mwisho tumia maji yasiyo na madini, si ya ziwani. La sivyo unarudisha gamba uliloliondoa. Hapa niwe mkali kidogo, kwa sababu nimesikia watu wakichanganya: yale yaliyotoneshwa, ya kuongeza kwenye betri, ni maji safi, ile inayouzwa kwa betri mpya ni asidi. Soma kibandiko, na usipoelewa kilichoandikwa uliza. Asidi ya betri inaondoa kutu kweli, na inaondoka na chuma kizuri, halafu inajificha kwenye uzi wa skrubu ikisubiri.

Vikishakauka, viangalie kwenye mwanga wa jua. Hapa ndipo wengi wanakosea. Shaba iliyong'aa si lazima iwe shaba nzima. Ukiona sehemu imebadilika ikawa na uwekundu wa waridi, zinki imeshatoka kwenye shaba hiyo. Kilichobaki ni mwili usio na nguvu, unaoweza kupasuka ukikazwa. Ukiona kiti cha vali kina kishimo, hata kidogo kama nukta ya kalamu, hakitaziba. Vipande hivyo havioshwi, vinatupwa. Mimi kazi ya kusafisha naiona hivi: unaondoa uchafu ili ukione kilichobaki, ndipo uamue. Anayesafisha ili kipendeze sokoni anafanya kazi nyingine kabisa.

Pete za mpira zote zinabadilishwa, hata ile inayoonekana nzuri. Zinapakwa grisi ya silikoni, au ile maalumu ya vyombo vya oksijeni, kidogo sana. Si grisi ya gari. Si mafuta ya kupikia. Na ninaposema hivi Rumonge, mji uliozungukwa na michikichi, nalazimika kuongeza: wala mawese. Mafuta ya petroli yanavimbisha baadhi ya mipira, na mafuta ya aina yoyote yakikutana na oksijeni nyingi yenye presha yanaweza kuwaka moto.

Tuje kwenye mtungi, maana huko ndiko kwenye mauti ya haraka. Mtungi wa lita 12 uliojazwa bari 200 una lita 2,400 za hewa zilizoshindiliwa, na ukuta wa chuma unaozizuia una unene wa milimita chache tu. Kutu ikichimba shimo kwenye ukuta huo, hesabu ni nyepesi. Kwa hiyo kwanza hewa yote inatolewa polepole, mpaka pasisikike kitu. Baada ya hapo ndipo vali inafunguliwa na kutolewa. Ondoa na ile buti ya kitako. Wengi hawaiondoi kamwe, na chini yake maji yamelala tangu mtungi ulipoingia nchini.

Ndani ya shingo ingiza taa ndogo na kioo kidogo chenye mpini, kama cha daktari wa meno. Zungusha taratibu. Ukiona vumbi jepesi la rangi ya chungwa lililotandaa sawasawa, hiyo ni kutu ya juu juu. Inatibika: mtungi wa chuma unatiwa vipande vya kauri au vya oksaidi ya alumini, unalazwa kwenye mashine yenye magurudumu, unazungushwa kwa saa kadhaa, unaoshwa kwa maji ya moto na kukaushwa pale pale kwa hewa kavu yenye joto. Ukichelewa kuukausha, kutu mpya inaanza ukiwa umesimama hapo. Wanaotia minyororo, misumari au changarawe ya ufukweni wanachora mifereji kwenye ukuta, na kila mfereji ni mwanzo wa kutu nyingine.

Lakini kioo kikikuonyesha mashimo, au mstari wa mashimo yaliyopangana, au mviringo uliolika pale kitako kinapokutana na ukuta, zima taa. Hapo hakuna siki, hakuna kuzungusha. Mtungi huo unakwenda kwa mwenye mashine ya kupima, na asipoupitisha unakatwa vipande viwili ili asitokee mtu wa kuupaka rangi na kuuza.

Kutu ina hila nyingine inayosahaulika. Kutu ni chuma kilichokula oksijeni. Ndani ya mtungi uliofungwa, oksijeni hiyo inatoka kwenye hewa utakayopumua. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Rhode Island cha Marekani kilitoa ripoti juu ya kutu ndani ya mitungi ya kuzamia, na hatari yake ni ya kweli mpaka leo: maji ya chumvi kidogo yakibaki ndani ya mtungi wa chuma uliojaa, ukakaa miezi, kutu inakwenda mbio kwa sababu hewa iliyoshindiliwa ina oksijeni tele. Geji itaonyesha hewa ipo. Pua haitanusa kitu. Mzamiaji atazimia bila kusongwa. Kwa hiyo mtungi uliokaa umejaa muda mrefu, hasa ambao hujui ulijazwa wapi, toa hewa yake yote, uangalie ndani, ujaze upya.

Mtungi wa alumini nao una yake. Haushiki kutu nyekundu. Unatoa unga mweupe, na watu wanaona afadhali. Kuna mitungi ya zamani iliyotengenezwa kwa aloi iitwayo 6351, ambayo ilikuja kugundulika kupasuka nyufa shingoni ikikaa na presha muda mrefu. Luxfer wa Marekani waliiacha aloi hiyo mwaka 1988 wakahamia 6061. Soma maandishi yaliyogongwa begani mwa mtungi. Ukiwa ni wa kabla ya mwaka huo, mimi singeununua kwa bei yoyote. Na mtungi wa alumini haupelekwi kwenye moto kukausha rangi: ukipita nyuzi joto 177, umekwisha, hata kama unaonekana mpya. Mafundi wa Buyenzi jijini Bujumbura, ambao mikono yao inafufua magari yaliyokatiwa tamaa, nawaomba sana kwa hili. Tanuri la rangi ya gari si mahali pa mtungi wa kuzamia. Mastiki ya kuzibia mashimo ya bodi si ya kuzibia mashimo ya mtungi.

Baada ya kusafisha, tabia ya kila siku ndiyo inayoamua kama kutu itarudi. Usimalize hewa yote ziwani. Panda juu ukiwa bado na akiba, na mtungi ubaki na presha kidogo ili maji yasipate njia. Kabla ya kujaza, fungua vali kidogo ipulize, maana tone moja lililokaa mdomoni mwa vali linasukumwa ndani kwa nguvu yote ya kompresa. Kompresa nayo imwagwe maji yake mara kwa mara wakati inafanya kazi, na chujio lake libadilishwe kwa saa zake, si likishanuka.

Liko jambo moja ambalo ni letu sisi watu wa ziwa. Geji ya kina ikiingia maji, kioo kinapata ukungu kwa ndani, mshale haurudi kwenye sifuri. Wapo wanaoendelea nayo, wanasema "nimeshazoea inavyodanganya". Na kumbuka, Tanganyika iko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari. Majedwali ya kawaida ya kuzamia yametengenezwa kwa ajili ya bahari, na ukivuka mita 300 za mwinuko hayafai tena bila kurekebishwa. Muda wa kukaa chini unapungua, na upandaji unataka utulivu zaidi. Mtu anayezamia hapa kwa jedwali la bahari na geji iliyooza anakosea mara mbili kwa wakati mmoja, na makosa yote mawili yanaangukia kwenye viungo vyake, uti wa mgongo na ubongo. Geji yenye ukungu ndani haioshwi. Nunua nyingine.

Nawageukia wenye biashara. Ninyi mnaosafirisha samaki, mnajua bei ya boksi moja likifika Ulaya. Mtungi unatakiwa kuangaliwa ndani kila mwaka, na katika nchi nyingi unapimwa kwa presha ya maji kila baada ya miaka mitano. Wanatumia maji kwa kuwa mtungi ukishindwa, maji hayalipuki kama hewa. Gharama hiyo ni yenu, si ya kijana anayelipwa kwa samaki. Msimwachie anunue regulata yake sokoni kwa akiba yake, halafu mkasema ni chombo chake. Mamlaka ya bandari na usafiri wa majini inawauliza wenye boti kuhusu maboya na injini. Iulize pia kuhusu tarehe za mitungi. Na viongozi wa mkoa mpya wa Burunga, ambao Rumonge imekuwa yao tangu mwaka 2025, wana vijana wanaozamia kwenye pwani yao, na wanafaa kujua wanapumua nini.

Kwako wewe mzamiaji unayenisikiliza ukiwa unaandaa vyombo vya kesho: chukua tochi sasa hivi, angalia rangi ya chujio, kisha soma tarehe iliyogongwa begani mwa mtungi. Kama tarehe haipo, au imepita miaka mitano, usiujaze. Mwambie aliyekuajiri aupeleke ukapimwe, na mpaka urudi, usishuke nao.